Uzoefu wangu Kitulo: nilimpeleka mama Bustani ya Mungu

Tulitoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri, mimi na mama, kwa gari la kukodi, kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuona maua. Ilikuwa mwezi wa pili. Ukifika Chimala unaiacha barabara kuu ya Dar na kuanza kupanda kwenda Matamba. Njia hiyo wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mama alizihesabu mpaka ishirini hivi, akafumba macho. Na papo hapo Chimala dereva wetu alidai nyongeza, eti hakuambiwa kuna mlima. Iliniudhi sana. Patana naye kabla hamjaondoka, umtajie Matamba kwa jina, na gari liwe la juu, kwa sababu kipindi cha mvua ndicho cha maua na ndicho cha matope pia.

Matamba tukalipa kiingilio, tukapewa mwongoza wageni, kijana mmoja mpole aliyemwamkia mama shikamoo na kumbebea mkoba. Mchukueni mwongozaji, nasisitiza. Uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi, nyasi hadi upeo wa macho, na ukiwa ndani ya gari utaona rangi tu: njano, zambarau, nyeupe. Okidi zenyewe, maua yanayoipa hifadhi hii sifa, nyingi ni fupi, zimejificha kwenye nyasi, lazima ushuke na kuinama. Hifadhi ina aina zaidi ya 350 za mimea, na okidi pekee ni 45. Ilitangazwa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Penye ua moja la njano kijana alichuchumaa, akasema, "Mama, jamii ya hili ndiyo wanayoichimbia chikanda."

Mama amekulia Tunduma, mpakani na Zambia. Kwao chikanda ni kitoweo cha kila siku: mizizi inatwangwa, inapikwa na unga wa karanga na pilipili mpaka inashikana, halafu inakatwa vipande kama nyama. Akaliangalia lile ua kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sisi tulijua ni kiazi tu. Hatukuwahi kuona ua lake."

Kijana akatueleza bila kumlaumu. Chini ya shina kuna viazi viwili, cha zamani kilichonyauka na kipya kilichojaa chakula cha mwakani. Mchimbaji anataka kile kipya, kwa hiyo mwakani hapachipui kitu. Biashara ya viazi hivyo kwenda Zambia ilipokua, magunia kwa magunia yalishuka kutoka milima hii, na hiyo ni sababu kubwa ya eneo hili kulindwa. Mimi nilikuwa nimesoma habari hizo, lakini kumsikia mama akiuliza "kwa hiyo halirudi?" kulinigusa kuliko nilichosoma.

Wanyama wakubwa hatukuwaona. Tulimwona tandawala, yule ndege mkubwa wa kutembea majanini, na mbayuwayu wa buluu wakipita chinichini. Kipunji hatukumwona. Huyo ni kima wa msitu wa Livingstone, wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu ingawa wazee wa Rungwe walikuwa na jina lake siku zote. Kumtafuta kunahitaji siku nyingine na miguu ya kupanda, na mama hakuiweza. Nitarudi kwa ajili yake, nikalale Matamba.

Bebeni chakula na maji, juu hakuna pa kununua. Bebeni koti zito hata kama Mbeya mmeacha jua. Saa nane ukungu ulishuka na mama akajifunika kitenge na shuka vyote viwili. Na msichume, hata moja la kupigia picha.

Tulipokuwa tunakaribia Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, mama alimpigia dada yake wa Tunduma. "Dada, kile kiazi cha chikanda kina ua," alianza, hata salamu hakutoa.