Programu za bure za kuweka kwenye kompyuta: ipi ianze, ipi isubiri, ipi usiiguse

Laptopu ya mtumba ikitoka dukani huwa imeshajazwa. Fundi ameweka programu ya kusafisha, programu ya kuongeza kasi, antivirusi mbili zinazogombana, na Office iliyovunjwa kufuli. Mashine inawaka, inahema, kisha ndiyo inakubali kufungua folda. Orodha hii inakwenda njia nyingine. Nimezipanga programu kwa kigezo kimoja: siku ya kuihitaji ikifika na huna, unapoteza nini? Ile ambayo kuikosa kunakula pesa au kazi ya mwaka mzima iko juu. Ile ya kukurahisishia tu iko chini. Zote ni za Windows, na nyingi ni ndogo kiasi kwamba bando halitashtuka.

Antivirusi unayo tayari

Sijaipa nafasi kwenye orodha kwa sababu Windows 10 na 11 zinakuja na Defender, na kwa mtu wa kawaida inatosha. Shida ni kwamba kwenye mashine nyingi za mtumba imezibwa macho. Vile vifaa vya kuamilisha Windows na Office bila kulipa huwa vinajiandikia msamaha: vinaiambia Defender isikague folda fulani, wakati mwingine diski nzima ya C. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya kinga dhidi ya virusi, kwenye mipangilio yake shuka mpaka "Exclusions". Ukikuta kitu ambacho hukukiweka wewe, kiondoe, kisha kagua mashine yote.

Halafu kuna kile kirusi cha flashi ambacho kila aliyewahi kwenda steshenari kuchapisha CV anakijua. Unarudi nyumbani, folda zako zote zimegeuka njia za mkato, na ukibofya mojawapo umeshaikaribisha balaa kwenye kompyuta. Mafaili kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa. Usibofye chochote. Kagua flashi kwa Defender kwanza, kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter, na kwenye lile dirisha jeusi andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Mafaili yatajitokeza, mara nyingine yakiwa ndani ya folda isiyo na jina. Futa zile njia za mkato, nakili vilivyo vyako, kisha fomati flashi. Hakuna programu ya kununua hapo.

1. CrystalDiskInfo: iendeshe kabla hujatoa pesa

Imetengenezwa na Mjapani anayejiita hiyohiyo (naam, ndilo jina lake la mtandaoni, wala si Mswahili). Diski za leo hujiwekea kumbukumbu za afya yake: imewashwa mara ngapi, imefanya kazi saa ngapi, sehemu ngapi zake zimeharibika. Programu hii inazisoma na kukuonyesha. Rangi ya bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni diski ya kuzika.

Nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee inayokuokoa kabla ya kununua. Chukua toleo la zip lisilohitaji kusakinishwa, liweke kwenye flashi uende nalo dukani. Muuzaji akishaiwasha mashine, chomeka, fungua, tazama upande wa kulia juu palipoandikwa "Power On Hours". Laptopu ya ofisini inayowashwa saa 8 kila siku ya kazi hukusanya kama saa 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa "bosi, hii imetumika kidogo sana" na namba inasema 19,000, hiyo diski ina miaka tisa ya ofisi.

Kama ni diski ya zamani inayozunguka, shuka kwenye jedwali utafute mistari mitatu: 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sehemu zilizoharibika zikahamishwa, wa pili zile zinazosubiri hukumu, wa tatu zilizoshindikana. Unataka sifuri kote. Angalizo: namba za safu ya mwisho huonyeshwa kwa mfumo wa kumi na sita, yaani 10 unayoiona hapo ni 16 yetu. Ingia Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC], na zitasomeka kibinadamu. Kwa SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka), mara nyingi utaonyeshwa asilimia ya uhai uliobaki. Mimi nikikuta iko chini ya 70 naomba punguzo. Chini ya 50 nahesabu bei ya SSD mpya ndani ya bei ya laptopu.

Haitabiri kila kifo. Diski inaweza kuwa ya bluu asubuhi na jioni isiwake, kwa hiyo kazi zako ziwe na nakala mahali pengine.

2. PhotoRec na TestDisk: ziwe tayari kabla ya msiba

Watu huzitafuta baada ya kufuta picha za harusi, na hapo ndipo wanapofanya kosa kubwa: wanapakua programu ya kurejesha mafaili na kuisakinisha kwenye diski ileile iliyofutwa. Faili likifutwa, nafasi yake huhesabiwa kuwa tupu ingawa data bado ipo. Chochote kipya unachoandika kinaweza kukaa juu yake, na hiyo programu yako ya uokoaji ikawa ndiyo iliyoifukia picha.

Sheria ni fupi. Ukishagundua umefuta, chomoa kadi au flashi. Usipige picha nyingine. Endesha programu kutoka diski nyingine, na unachokipata kihifadhi kwenye diski nyingine pia.

Kwa anayeanza, Recuva ni rahisi zaidi: inakupa orodha yenye majina ya mafaili na kukuonyesha hali ya kila moja. Lakini flashi inapofika hatua ya kugoma na kusema ifomatiwe kwanza, mimi namwendea PhotoRec. Haijali mpangilio wa folda. Inapitia diski na kutambua mafaili kwa alama za mwanzo wake. Gharama yake ni kwamba majina yote yanapotea: unapata mamia ya picha zenye majina ya namba, na jioni nzima ya kuzipanga. Ndani ya kifurushi chake kuna QPhotoRec yenye vitufe vya kubofya, maana ile ya kawaida ni maandishi matupu na huwatisha watu. TestDisk iko humohumo. Hiyo ni ya kurudisha sehemu nzima ya diski iliyotoweka. Vyote ni chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa kila mtu), hakuna kikomo cha megabaiti wala dirisha linalokuomba ulipie ndipo uone picha zako.

Kwenye SSD usiweke matumaini makubwa. Windows huijulisha SSD mara moja kwamba faili limefutwa, na SSD husafisha nafasi hiyo yenyewe. Muda mfupi tu na hakuna cha kurejesha.

3. 7-Zip

Kila siku mtu anatumiwa faili la RAR (mafaili yaliyobanwa yakawa kifurushi kimoja) na kompyuta haifungui, anaenda kutafuta WinRAR "iliyokrakiwa". WinRAR ni programu ya kulipia inayotoa siku 40 za majaribio, halafu inaendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha. Hakuna sababu ya kuiba kitu ambacho mbadala wake ni bure kabisa, hata ofisini.

7-Zip imetengenezwa na Igor Pavlov, ipo tangu 1999, na kisakinishi chake hakifiki MB 2. Inafungua RAR, ZIP, ISO, TAR na nyingine nyingi, ingawa haitengenezi RAR. Mimi naipenda zaidi kwa jambo ambalo wengi hawalitumii: kufunga mafaili kwa nenosiri. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Add to archive", aina iwe 7z, andika nenosiri, na weka alama kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili pia. Sasa unaweza kutuma nakala za kitambulisho na mikataba kwa barua pepe, nenosiri ukalitaja kwa simu. Njia inayotumia kuyafunga ni usimbaji wa AES-256.

Dosari yake ni kutojisasisha. Mwaka 2025 yalitangazwa matundu ya usalama kwenye matoleo ya nyuma, kwa hiyo ukikuta namba ya toleo iko chini ya 25.01, weka jipya. Anwani sahihi ni 7-zip.org, yenye kistari katikati.

4. Everything

Utafutaji wa Windows unajulikana: unaandika jina la faili, unakwenda kuchota maji, unarudi bado inazungusha. Everything ya voidtools inasoma daftari ambalo NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, hulitunza lenye majina ya mafaili yote, na jibu linatoka herufi zikiwa bado vidoleni. Andika *.pdf dm:thismonth upate PDF zote zilizoguswa mwezi huu. Andika size:>500mb uone mafaili makubwa.

Tahadhari kwa kompyuta ya kuchangia: daftari hilo linaonyesha majina ya mafaili ya watumiaji wote, hata ya folda ambazo mwingine hana ruhusa ya kuzifungua. Kwenye mashine ya ofisi ambayo mhasibu na karani wanapokezana, fikiri mara mbili.

5. WinDirStat au WizTree

Diski imejaa, hujui nini kimeijaza. Hizi mbili huchora ramani ya diski, kila faili kwa ukubwa wake, na ndani ya dakika unaona folda ya WhatsApp au filamu za mwaka juzi. WizTree imekuwa na sifa ya kasi kwa miaka, lakini ni bure kwa matumizi binafsi tu. Kampuni inatakiwa kulipa. WinDirStat ni chanzo huria, itumie popote.

Usifute chochote ndani ya folda ya Windows kwa sababu tu ni kikubwa. Faili moja huwavutia wengi: hiberfil.sys, lenye GB kadhaa. Kuna amri ya kuliondoa na utaikuta kila mahali mtandaoni. Mimi siishauri kwa mwenye laptopu anayeishi na umeme wa kukatika, maana ndilo linaloilinda kazi yako pale betri inapoisha na mashine ikajilaza yenyewe.

6. VLC na SumatraPDF

VLC haihitaji utambulisho. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, na tangu 2001 msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL. Inacheza karibu kila aina ya video na muziki. SumatraPDF inafungua PDF upesi hata kwenye mashine yenye RAM ya GB 2, lakini haijazi fomu vizuri. Za kujaza zifungue kwa brauza yako.

7. Rufus

Ni ya wachache, ila siku hizi wachache hao wameongezeka. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba zina prosesa ambazo Windows 11 haizikubali rasmi. Rufus, programu ndogo ya Pete Batard, hugeuza flashi ya GB 8 kuwa ya kusakinishia mfumo. Inaweza kuandaa Windows 11 yenye masharti yaliyolegezwa, lakini hapo Microsoft haikuahidi masasisho. Kwa mashine ya kuandikia na kuingia mtandaoni tu, ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Faili lake ni karibu GB 3, hivyo lipakue usiku au kwenye Wi-Fi ya mtu.

Zisizopata nafasi

Programu zote za "kusafisha" rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), "kuongeza RAM" na "kusasisha madraiva" (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta). Windows ina Storage Sense ya kufuta takataka, na madraiva huja kupitia Windows Update au tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Hata jina kubwa la uwanja huu liliwahi kuchafuka: mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya CCleaner 5.33 kwenye tovuti yake halali, na takriban watu milioni 2.27 wakaisakinisha kabla haijagunduliwa.

Kupakua bila kuibiwa

Ukitafuta jina la programu kwenye Google, matokeo ya juu kabisa mara nyingi huwa ni matangazo, na kitufe kikubwa cha kijani kwenye tovuti za kukusanya programu mara nyingi hakipakui ulichokitaka. Njia safi ni winget, chombo cha Microsoft cha kusakinisha programu kwa amri, ambacho kiko ndani ya Windows 11 na Windows 10 iliyosasishwa. Kwenye lile dirisha jeusi andika:

winget install 7zip.7zip
winget install voidtools.Everything
winget install CrystalDewWorld.CrystalDiskInfo

Inachukua faili kutoka kwa mtengenezaji na kulilinganisha na alama yake kabla ya kulisakinisha. Baada ya miezi michache andika winget upgrade --all. Hiyo inamaliza pia tatizo la 7-Zip kutojisasisha. Ila amri hiyo iendeshe ukiwa kwenye Wi-Fi. Ukiwa unatumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uuwekee alama ya "Metered connection", la sivyo Windows yenyewe itamaliza bando kabla VLC haijafika nusu.