Yamaha Pacifica 012 kwa anayeanza skrimo Lubumbashi

Skrimo, roki ya kupiga mayowe, ina nusu mbili zisizopatana: nyuzi mbili tatu zikidondoka polepole chini ya mnong'ono, kisha mlipuko ambapo mkono wa kulia haupumziki hata kidogo. Gitaa la kujifunzia lazima liweze zote mbili, na Pacifica 012 inaziweza. Karibu na daraja, kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi, ina hambaka, yaani pikapu (kinasa sauti cha sumaku) nene ya koili mbili; katikati na shingoni ina pikapu nyembamba za koili moja. Swichi ya hatua tano inakuhamisha kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa pigo moja la kidole. Shingoni unapata sauti safi na ya mviringo. Darajani unapata nguvu ya kubeba distoshoni, ile sauti iliyokwaruzwa makusudi, bila mvumo.

Mvumo huo usiudharau hapa kwetu. Pikapu ya koili moja inanasa inveta, chaja ya sola na jenereta ya jirani, na distoshoni inaukuza. Kwa hiyo, pedali ya distoshoni (kiboksi cha kukanyaga kwa mguu) ikiwa imewashwa, baki kwenye hambaka; ukirudi shingoni, zima pedali kwanza. Kama mvumo unapungua ukigusa nyuzi, gitaa ni zima. Huenda ni nyumba haina waya wa ardhi.

Kasoro kubwa ya gitaa hili ni daraja lake la vibrato, linalosogea ili kuyumbisha sauti. Skrimo nyingi hupigwa uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, ukiwa umelegezwa kutoka mi hadi re, na 012 ikitoka dukani haipendi jambo hilo. Daraja linashikiliwa na mvutano wa nyuzi upande mmoja na springi upande wa nyuma. Ukilegeza uzi mmoja, springi zinashinda, daraja linazama kidogo, na nyuzi nyingine tano zinapanda. Unazishusha, wa sita nao unapanda. Wanafunzi wengi hulaumu vigingi vya kutyunia, na vigingi havina kosa.

Dawa yake ni kulilaza daraja juu ya mwili wa gitaa lisiweze kusogea. Fungua kifuniko cha plastiki cha nyuma. Utaona springi, na skrubu mbili ndefu zinazovuta kibati chake. Ongeza springi mpaka zifike tano, kisha kaza skrubu zote mbili kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, ukityuni upya kila mara, mpaka bamba la daraja likae bapa. Jaribu hivi: vuta uzi wa tatu pembeni kwa nguvu huku uzi wa kwanza ukilia wazi. Sauti ya uzi wa kwanza ikishuka, daraja bado linanyanyuka, kaza tena. Mkono wa vibrato uuweke kabatini. Faida nyingine: uzi ukikatika katikati ya wimbo, zile tano zilizobaki hazitapoteza tyuni.

Daraja likishalala, nyuzi nazo zimeshuka, zitagonga freti, vile vyuma vilivyolala shingoni. Pandisha vitandiko vya daraja, vile vidude ambavyo nyuzi zinalalia, kwa ufunguo mdogo wa pembe sita mpaka uzi wa sita uwe na nafasi ya milimita 2 hivi juu ya freti ya 12. Wa sebene huona hapo ni juu mno, lakini mkono wa skrimo unapiga kwa nguvu, na uzi wa chini sana unakwaruza.

Nyuzi zinazokuja nazo zina unene wa 9 hadi 42, kwa elfu za inchi. Kwa re ni nyembamba mno. Urefu wa uzi ni milimita 648, na kuutoa uzi mi hadi re kunapunguza mvutano wake kwa karibu asilimia 20. Ukiupiga kwa nguvu, sauti inapanda kwanza halafu inarudi, kama ng'ombe anayeguna. Weka 10 hadi 46. Uzi ukitoa mlio wa "tink" unapotyuni, umenasa kwenye kipande cheupe cha juu ya shingo: sugua penseli ndani ya mfereji wake. Halafu linganisha freti ya 12 na sauti ya kengele ya hapo hapo, ile unayoipata ukiugusa uzi kidogo bila kuubonyeza. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, rudisha kitandiko nyuma.

Kiangazi cha Lubumbashi, hasa Juni hadi Agosti, kinakausha ubao wa shingo na ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja. Lihifadhi ndani ya mfuko wake, mbali na bati na dirisha.

Sasa kupiga. Shika kwanza oktava: kidole cha kwanza uzi wa tano freti ya 5, cha tatu uzi wa tatu freti ya 7. Zote ni re. Ncha ya kidole cha kwanza iguse uzi wa sita, tumbo lake lilale kwenye wa nne na zile mbili nyembamba, ili upige nyuzi zote sita zisikike mbili tu. Uzi wa nne ukilia, umebonyeza kwa ncha peke yake. Kwa mkono wa kulia, mapigo manne kwa kila dundo kwenye kasi ya madundo 180 kwa dakika ni mapigo 12 kwa sekunde. Anza na 90, ongeza 5 kila unapomaliza dakika nzima bila kukaza bega. Mwendo utoke kwenye kifundo. Ukitoka kwenye kiwiko utachoka kabla wimbo haujaisha, na nyimbo hizi ni fupi.

Kwa kutunga, akodi hii inafungua milango mingi: uzi wa tano wazi, wa nne freti ya 7, wa tatu freti ya 5, wa pili na wa kwanza wazi. Unapata la, la, do, si, mi. Ile do na ile si zimepishana nusu hatua tu na zinasuguana. Msuguano huo ndio uchungu wa skrimo. Telezesha vidole viwili mpaka wa nne freti ya 3 na wa tatu freti ya 2, yaani fa na la, nyuzi za wazi ziendelee kulia. Zipige moja moja shingoni. Aliyekulia na gitaa la Katanga, lile la Mwenda Jean Bosco aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, tayari ana kidole gumba kinachoshika besi huku cha shahada kikiimba. Mwanzo wa utulivu ni wake. Kisha swichi darajani, pedali, na nyuzi tatu nene wazi, re-la-re, kwa kidole kimoja tu: freti ya 3, ya 5, rudi wazi. Usirudie kiitikio. Na mlipuko ukikatika, funga kitufe cha sauti kwa kidole kidogo, kwa sababu ukimya wenye mvumo si ukimya.

Pedali usiijaze. Distoshoni ikipita nusu, ile do na si zinageuka uji. Angalia pia umeme wake: pedali nyingi za volti 9 zinataka hasi katikati ya plagi, na adapta ya rauta ya volti 9 inaingia tundu lile lile ikiwa na chanya katikati. Hiyo inaweza kuiua pedali. Wala usichomeke pedali moja kwa moja kwenye meza ya sauti ya kanisa; itanguruma kama nyuki, maana spika ya gitaa ndiyo inayokata makali ya juu ya hetsi 5,000 hivi. Tumia ampli ndogo ya gitaa, maikrofoni sentimita 3 mbele yake, ikielekea pembeni mwa koni.

Pacifica 112V ina kitufe kinachogawa hambaka kuwa koili moja. 012 haina, na kwa anayeanza si hasara. Ukinunua iliyotumika, kati ya zile zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, bonyeza uzi wa sita freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, uangalie nafasi juu ya freti ya 7: unene wa kadi nyembamba unatosha. Ikizidi sana, na skrubu ya kunyoosha shingo haizunguki tena, liache hapo hapo.