Chupa ya kwanza ya kokteli nyumbani: nimezipanga sita, kwa aliyeko Tanga

Kosa langu la kwanza lilikuwa vermuti. Nilikuwa nimesikia kwamba Negroni, kokteli ya jini, Campari na vermuti nyekundu, ndicho kinywaji cha watu wanaojua kunywa, basi siku nimekwenda Dar kwa shughuli zangu nikarudi na chupa mbili, Campari (ile pombe nyekundu chungu) na vermuti nyekundu, nimezivingirisha kwenye mashati zisivunjike. Jioni ile nikanywa bilauri moja, nikaona chungu kama mwarobaini, nikazipandisha juu ya kabati. Zikakaa huko miezi mitatu. Februari, na joto la Tanga la Februari unalijua, nikammiminia shemeji yangu aonje ile vermuti. Akaonja, akanitazama.

"Shem, hii si siki ya kachumbari?"

Sikujua kwamba vermuti ni divai, imeongezwa pombe kidogo na kutiwa viungo. Ukishaifungua inaanza kuharibika, na mahali pake ni kwenye friji, si juu ya kabati. Fedha ile ningeweza kununulia chupa mbili za kitu ambacho ningekitumia kila Jumamosi.

Tangu hapo nimeshaulizwa na watu wengi: kama ni chupa moja tu ya kuanzia, ninunue ipi? Jibu langu linaanzia kwenye ndimu. Hapa kwetu ndimu mbichi, ile ndogo yenye maji mengi, hata Mgandini hata Ngamiani unaipata asubuhi yoyote, na nusu ya kokteli kongwe za dunia ni pombe kali, ndimu na sukari. Kwa hiyo nimezipanga chupa kwa kuangalia zinavyoelewana na ndimu, zinavyostahimili joto, na kama kesho ukirudi dukani utazikuta tena.

Kabla ya chupa, barafu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vibarafu vidogo vya friji ya nyumbani vinayeyuka kabla hujakaa, unabaki na maji ya ndimu. Chemsha maji, yapoe, mimina kwenye kontena la plastiki lenye ukubwa wa tofali dogo, ligandishe usiku kucha. Asubuhi unatoa bonge, unalivunja kwa mchi ndani ya kitambaa safi. Bonge kubwa linayeyuka taratibu. Na usije ukafikiri ujanja ni kununua barafu za pale soko la samaki la Deep Sea. Zile ni za samaki, waachie samaki.

Vyombo usinunue. Chupa ya jemu yenye mfuniko mzuri ndiyo ya kutikisia, chujio la chai ndilo la kuchujia, na kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi chenye mistari ya mililita ndicho kipimo. Kimekaa bure kwenye droo yako tangu mtoto apone. Halafu pika shira nyepesi: kikombe cha sukari, kikombe cha maji, ikiyeyuka epua. Ikae kwenye friji.

1. Konyagi

Najua watakaoguna. Guneni, kisha mje tuhesabu.

Jina limetokana na konyaki, ile brandi ya Wafaransa ya eneo la Cognac, lakini kilichomo ndani hakina undugu na brandi. Mdomoni iko karibu zaidi na jini. Inapatikana kila grosari, kila duka, kuanzia chupa ndogo mpaka mzinga. Ukikosea kuchanganya umepoteza fedha kidogo, na mwanzoni utakosea sana. Mimi naona hicho ndicho kigezo kikubwa cha chupa ya kujifunzia.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Konyagi ina pombe asilimia 35, na vipimo vya kokteli nyingi vimeandikwa kwa pombe ya asilimia 40. Mahali walipoandika mililita 60, wewe weka karibu 70, la sivyo ndimu inaizidi nguvu na unaishia kusema kokteli hazina ladha. Mzinga wa mililita 750 utakupa bilauri kumi namna hiyo. Lakini usianze na mzinga, anza na kichupa.

Kokteli ya kuanzia ni Dawa. Ndiyo ile iliyopata jina Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore, na mama yake ni caipirinha ya Brazili. Kata ndimu moja vipande vinane, tupa ndani ya bilauri nzito, weka kijiko cha asali na kijiko cha sukari. Sasa kandamiza kwa mchi mdogo. Nimesema kandamiza, usitwange. Ukitwanga, ile nyama nyeupe ya ganda inatoa uchungu unaobaki kooni. Kandamiza mara tano, sita, mpaka usikie harufu ya mafuta ya ganda inapanda puani, kisha acha. Jaza barafu, mimina Konyagi yako, koroga kwa kijiti. Asili yake inatumia vodka, lakini kwa ndimu zetu hizi kali, vodka inazama kabisa, Konyagi inabaki ikisikika.

2. Jini kavu

Jini la chupa, si la mapango ya Amboni. Tafuta palipoandikwa London Dry. Hayo si maelezo ya mahali ilipotengenezwa; ni aina, maana yake haikutiwa utamu baada ya kukenekwa. Gilbey's na Gordon's ndizo ninazozikuta mara nyingi, na zinatosha. Zile za rangi ya waridi zenye utamu ziache, zitakufungia njia: huwezi kuzitengenezea zaidi ya kitu kimoja.

Jini ina faida ambayo Konyagi haina, ile harufu ya beri za mreteni, na hiyo ndiyo inayosimama mbele ya toniki. Hadithi ya toniki ni ya Waingereza wa India waliokuwa wanakunywa kwinini dhidi ya malaria, wakaona chungu, wakatia sukari, soda na jini. Lakini wa Tanga tuna kipande chetu cha hadithi hiyo. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti kule Amani mwaka 1902, juu ya Muheza, miti ya kwinini ilikuwa miongoni mwa waliyopanda. Kwinini iliyomo kwenye toniki ya leo ni ya ladha tu, haitibu kitu. Ukihisi homa nenda kapime.

Kwa jini yangu napenda Tom Collins kuliko toniki. Mililita 45 za jini, 30 za maji ya limau (hapa limau, si ndimu, ndimu inakuwa kali mno), 15 za shira, barafu mpaka juu, kisha maji ya soda. Mchana wa jua kali hakuna kinachoishinda. Limau likikosekana, ndimu punguza iwe 20.

Stempu, kabla hatujaendelea

Mwaka juzi nilinunua wiski kwenye duka moja la mjini, bei nzuri kupita kiasi. Nyumbani naifungua, kifuniko kinazunguka bila kukatika. Harufu kama ya rangi ya kucha. Nikaimwaga yote kwenye sinki na roho ikiniuma.

Kila chupa ya pombe kali inatakiwa kuwa na stempu ya kielektroniki ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na ipo programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu. Unaisoma stempu papo hapo mbele ya muuzaji. Mwenye mali halali hakasiriki. Angalia na muhuri wa kifuniko. Sababu si kodi peke yake. Pombe ya kughushi inaweza kuwa na methanoli, na methanoli inapofua macho, inaua, wala ulimi hauitofautishi. Kwa sababu hiyohiyo chupa zako tupu za wiski ya bei usizitoe zikiwa nzima, kuna wanaozitafuta wakazijaze. Na gongo haimo kwenye orodha hii wala haitaingia.

3. Ramu nyeupe

Kwa ladha peke yake ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu upatikanaji wake ni wa kubahatisha: leo ipo, kesho muuzaji anakuletea ile ya kahawia yenye vanila na kukwambia ni ileile. Si ileile.

Ukiipata iliyo nyeupe na kavu, tengeneza Daiquiri, kokteli iliyochukua jina la mahali karibu na Santiago de Cuba, mji uleule ambao kampuni ya ramu ya Bacardi ilianzia mwaka 1862. Ramu 60, maji ya ndimu 20, shira 15. Tikisa kwenye chupa ya jemu mpaka vidole vikuume kwa baridi, chuja. Basi. Hakuna pa kujificha kwenye Daiquiri; ndimu ikiwa ya jana, utaijua.

Na kama umeshanunua ile ya kahawia kwa bahati mbaya, usilie. Stoney Tangawizi, ndimu, barafu.

Nimewahi kujaribu kuchanganya ramu na tembo la mnazi, mgema alikuwa ameleta la asubuhi, tamu kama dafu. Nikatia kwenye chupa ya jemu nikafunga, nikaenda kuoga. Tembo halilali, linaendelea kuchachuka na kutoa gesi. Mfuniko niliukuta nyuma ya jiko. Tembo linywe kama tembo.

4. Wiski

Skochi kisheria lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni huko Uskoti miaka isiyopungua mitatu. Bourbon ya Marekani lazima angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi, ndiyo maana ina utamu. Kwa Old Fashioned nunua bourbon: mililita 45, kijiko kidogo cha shira, matone mawili matatu ya Angostura (kile kimiminika kichungu cha viungo), bonge la barafu, ganda la chungwa la Muheza ulikamue juu yake mafuta yaruke. Ila hicho ni kinywaji cha usiku wa Lushoto, mtu amevaa sweta. Kwa joto la huku chini, wiski ya kawaida na maji ya soda inatosha, na huhitaji mwongozo wa mtu. Yenye umri wa miaka kumi na miwili usiichanganye na chochote, na usiinunue kwa ajili ya wageni ambao watatia kola.

5. Tekila

Kila mara mtu atasema mezani kwamba tekila ni mkonge, na kwamba tungeamka tungekuwa Wameksiko. Ni ukweli nusu. Mkonge wetu ni agave, lakini ni *Agave sisalana*, ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza mwaka 1893. Katika vichipukizi elfu moja, vikafika hai 62, vikapandwa Kikogwe, Pangani, na mashamba yote unayoyaona ukipita Muheza na Korogwe yametokana na habari hiyo. Tekila inatoka kwenye agave ya buluu, ndugu wa ukoo, na ni lazima itoke Meksiko. Kwa hiyo ni binamu. Binamu si ndugu wa tumbo moja.

Dukani soma lebo. Kama haikuandikwa asilimia 100 agave, basi karibu nusu ya sukari iliyochachushwa inaweza kuwa imetoka kwenye kitu kingine, na hizo ndizo ambazo wengi huzilaumu kwa kuumwa kichwa wakalaani tekila yote. Zenye maandishi hayo ni ghali. Halafu Margarita, kokteli ya tekila na ndimu, inadai chupa ya pili, likeri (pombe tamu) ya machungwa. Mimi naichemsha shira na maganda ya machungwa badala yake, inakaribia. Lakini kwa chupa ya kwanza, hapana.

6. Vodka

Haina kosa, haina na jambo. Mwenye Konyagi nyumbani haihitaji.

Brandi sikuipanga kwa sababu sina hamu nayo. Campari na vermuti, utazinunua mwenyewe siku ukiwa na friji yenye nafasi na watu wanne wa kuzimaliza mwezi huohuo.

Ukialika watu Tanga, mezani hawakosekani wasiokunywa, na si adabu kuwapa maji ya chupa wakati wengine wameshika bilauri zenye barafu na majani ya mnanaa. Juisi nzito ya ukwaju, ndimu, shira kidogo, juu yake tangawizi. Bilauri ileile, barafu ileile. Andaa nyingi, maana wanywaji nao wataiomba. Anayerudi kwa pikipiki yake mwenyewe, naye mpe hiyo.

Nikitoka kwenda baa, swali langu kaunta ni moja tu: ndimu mnakamua au ya chupa? Wakisema ya chupa, naagiza bia, naangalia bahari. Mwezi uliopita jioni nilikuwa mahali fulani Raskazone, wakasema wanakamua, na kijana wa kaunta alipima toti zake bila kuambiwa. Nikapata moyo, nikamuuliza kama ana Negroni. Akasema ipo, bosi. Nikamuuliza vermuti anaiweka wapi. Akanionyesha kwa fahari rafu ya juu kabisa, karibu na dirisha la magharibi, jua limeipiga mpaka chupa inang'aa.

Nikaagiza jini na toniki.