Gramps kwa mtafiti wa nasaba wa jioni na wikiendi: programu ya bure inayodai uanze na vyanzo

Anayefanya utafiti wa nasaba kama kazi ya pembeni hasumbuliwi sana na uhaba wa kumbukumbu. Kinachomsumbua ni muda uliokatikakatika. Jumamosi asubuhi yuko kwenye daftari la ubatizo parokiani, Jumatano usiku anasikiliza ujumbe wa sauti wa shangazi wa mteja aliyeko Muscat, halafu wiki mbili nzima ajira yake inammeza. Akirudi anakuta jina na mwaka kwenye karatasi, wala hakumbuki nani alisema. Gramps tunaipima kwa hilo: je, inamtunzia alipoishia, na inajua kila neno lilitoka wapi?

Inajua, na ndiyo sababu tunaipendekeza. Ni programu huria, bure kabisa, kwa Windows, Linux na Mac. Kazi zote za msingi hufanyika bila intaneti. Ramani tu ndiyo inayohitaji bando. Majina ya watu wa mteja yanabaki kwenye kompyuta yako, hayakai kwenye seva ya mtu mwingine. Ubaya wake unaonekana siku ya kwanza: madirisha mengi, vichupo vingi, na hakuna anayekushika mkono.

Wengi wanakosea palepale mwanzoni kwa kuanza kuingiza watu. Anza na hifadhi, yaani mahali hati ilipo, kwa mfano Nyaraka za Taifa Zanzibar, ofisi ya parokia, au kabati la nyumbani kwa mteja. Kisha chanzo, ambacho ni daftari au jalada lenyewe pamoja na namba yake. Halafu rejeo, ambalo ni ukurasa na namba ya mstari ndani ya chanzo hicho. Mtu na tukio vije mwisho. Ukitanguliza watu mia mbili halafu urudi kutafuta vyanzo, hutamaliza, kwa sababu kila tukio italazimu ulifungue upya. Ubao wa kunakilia wa Gramps unasaidia sana hapa: rejeo likishatengenezwa mara moja, unaliburuta mpaka kwenye kila tukio linalohusika.

Kila rejeo lina daraja la uhakika, madaraja 5 kutoka chini sana hadi juu sana. Litumie kwa ukali. Hati moja ya kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania, inastahili marejeo mawili. Tarehe ya kifo ipe daraja la juu, kwa kuwa tukio liliandikishwa na mtu aliyelishuhudia. Umri wa marehemu kwenye hati hiyohiyo upe daraja la chini, maana aliyeutaja ni mwanawe au mpwa, na aghalabu alikisia. Mtafiti anayeipa hati nzima daraja moja ndiye anayekuja kumpa mteja mwaka wa kuzaliwa uliokosewa kwa miaka kumi, tena kwa kujiamini.

Upande wa majina, Gramps inatufaa kuliko programu nyingi zilizojengwa kwa kudhani kila mtu ana jina moja la ukoo. Chukua mfano wa Mwanahawa binti Ali bin Juma Al-Mazrui. "Mwanahawa" linaingia kama jina lake. Kwenye jedwali la majina mengi unaweka "Ali", "binti" ikiwa kwenye safu ya kiambishi, na asili yake unaichagua kuwa ya baba. "Juma" na "bin" vivyo hivyo. Kisha "Al-Mazrui" kama jina la kurithi, nalo ulitie alama ya jina kuu. Usipotia alama hiyo, orodha itampanga chini ya Ali, na watu wa ukoo mmoja watatawanyika kila kona. Kwa familia zisizo na nisba, yaani jina la ukoo kama hilo la Al-Mazrui, tumia sehemu ya kukusanya majina uwapange chini ya jina la babu mmoja mnayemjua nyote.

"Mama Asha", "Mzee Kibao" na majina ya ubatizo yakae kwenye majina mbadala, kila moja na rejeo lake. Hili ni la lazima kabisa kwa wazao wa watu waliokombolewa utumwani na kulelewa misheni, kama ile ya Bagamoyo iliyoanzishwa 1868. Jina la ubatizo ndilo mlango wa kumbukumbu, na jina la awali, likipatikana, ndilo pekee linaloelekea nyumbani kwao. Usifute moja kwa ajili ya lingine.

Tarehe ndipo programu hii inapojipatia alama nyingi kwetu. Hati za wakfu, kumbukumbu za kadhi na mawe ya makaburi ya pwani yana tarehe za Hijria, na Gramps inazipokea kama zilivyo. Fungua dirisha la tarehe kwa alama iliyo kando ya kisanduku, chagua kalenda ya Kiislamu, ingiza siku, mwezi na mwaka. Ukibadili kalenda ndani ya dirisha hilo, tarehe inageuzwa papo hapo. Soma, kisha funga bila kuhifadhi ili ile ya asili isipotee. Jaribu na 26 Shaabani 1383: itakupa 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Ila usiichukulie hesabu hiyo kama msahafu. Programu inahesabu kwa kanuni, ilhali aliyeandika jiwe la kaburi alifuata mwandamo wa kwao, na siku moja au mbili hupishana. Tena siku ya Kiislamu huingia Magharibi: aliyefariki saa tatu usiku ameshaingia siku ya pili kwa Hijria, lakini kwenye hati ya serikali bado ni siku ileile. Ukikuta jiwe na hati vinatofautiana kwa siku moja, usitangaze kosa. Ingiza zote mbili, kila moja na chanzo chake.

Kuna pia tarehe za wazee. Bibi akisema babu yake alizaliwa "wakati wa Maji Maji", usiandike 1906. Andika kati ya 1905 na 1907, chagua kuwa ni makisio, na maneno ya bibi yenyewe yaweke kwenye nafasi ya maelezo iliyo ndani ya dirisha hilohilo la tarehe. Rekodi ya sauti iambatanishe na rejeo. Mteja akija kuuliza miaka mitatu baadaye, umemjibu.

Kwa mume mwenye wake zaidi ya mmoja, tengeneza familia mpya kwa kila mke, mume yuleyule akiwa ndani ya zote. Watoto wakae kwa mama yao. Kisha panga familia kwa mfuatano wa ndoa, kwa sababu ripoti hufuata mpangilio huo, na wake wakubwa hawapendi kusomwa wa mwisho. Talaka iingizwe kama tukio la familia. Undugu wa kunyonya unaweza kuuandika kwenye kichupo cha mahusiano kwa aina unayoitunga mwenyewe, lakini michoro ya kawaida haiuonyeshi. Huo ni upungufu wa kweli kwa pwani, kwa vile undugu huo unazuia ndoa. Uandike tena kwenye maelezo ya ripoti.

Panapooana binamu kizazi baada ya kizazi, chati ya kawaida ya mababu itarudia watu walewale mara tatu nne na kumchanganya mteja. Tumia mchoro wa mahusiano, ambao kila mtu huonekana mara moja tu, na uutoe kama PDF.

Mahali napo pana hazina. Kijiji kinaweza kuwa ndani ya mkoa mmoja hadi mwaka fulani, kisha ndani ya mwingine. Mkoa wa Geita ulianza 2012. Kwa hati ya 1990, Geita iko ndani ya Mkoa wa Mwanza. Kilifi ya 1985 ni wilaya ya Mkoa wa Pwani wa Kenya, na tangu 2013 ni kaunti. Weka miaka hiyo kwenye mahali pa juu yake, usitengeneze Geita mbili.

Sasa umeme. Ukikatika wakati mti, yaani faili la ukoo mzima, umefunguliwa, ukirudi utaukuta una alama ya kufuli. Data haijapotea. Hakikisha hakuna dirisha jingine la Gramps lililo wazi, kubali kuvunja kufuli, kisha endesha zana ya kukagua na kurekebisha kabla hujaandika lolote. Kwenye mapendeleo washa nakala rudufu ya kila unapofunga na ile ya kila dakika 15, na uzielekeze kwenye flashi, siyo kwenye diski ileile. Kabla ya kupandisha toleo, toa nakala kwanza: mti ukishafunguliwa na toleo jipya haurudi kwenye la zamani.

Picha huleta kilio kingine. Kabla ya kuingiza hata moja, weka folda ya msingi ya picha kwenye mapendeleo. Usipofanya hivyo, njia ya kila picha, yaani anwani ya faili lake kwenye kompyuta, inaandikwa nzima, na ukihamia kompyuta nyingine zote zinakuwa tupu. Kidhibiti cha picha kinaweza kuzigeuza njia hizo baadaye, lakini ni usumbufu.

Usichokipata hapa ni vidokezo vya kumbukumbu. Gramps haikutafutii babu. Fungua akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za nasaba, ufanye upekuzi huko, lakini mti wake ni wa pamoja na yeyote anaweza kubadili ulichoandika, kwa hiyo nakala mama ibaki Gramps. Programu rasmi ya simu haipo. Gramps Web inafunguka kwenye kivinjari, ila inataka seva, na kwa mtu wa wikiendi hiyo ni kazi nyingine.

Siku ya kumkabidhi mteja, weka alama ya siri kwa yaliyosemwa kwa faragha, kisha unapotoa faili chagua kuyaacha nje. Angalia walio hai: asiyeandikwa kifo huhesabiwa hai mpaka miaka 110, hivyo marehemu wengi wasio na tarehe watafichwa bila sababu. Waandikie tukio la kifo hata kama mwaka haujulikani. Mpe PDF ya kusoma, kifurushi cha Gramps chenye picha ndani, na GEDCOM, faili la kuhamisha data ya nasaba kati ya programu, kama anatumia programu nyingine. GEDCOM haibebi picha zenyewe, na toleo la 5.5.1 halina kalenda ya Hijria, basi tarehe za makaburi zirudie kwa maneno kwenye maelezo ya kila tukio kabla hujabonyeza kitufe cha kutoa.