TAHADHARI: chupa ya “dawa ya kufuta mistari” inayotembezwa kwenye ateliye za Lubumbashi

Mama zetu, dada zetu, na kila anayeshona matandiko ya viraka vya vitenge hapa mjini: kuna chupa nyeupe ya nusu lita inayopitishwa ateliye kwa ateliye. Haina karatasi ya jina wala ya kiwanda. Inauzwa dola mbili pamoja na pakiti ya kalamu tatu, na muuzaji anaapa kwamba inaondoa mstari wowote tunaouchora juu ya kitambaa kuongoza mshono, hata uliokaa mwezi mzima. Msiinunue. Ndani yake ni maji ya javeli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, yaliyozimuliwa na kutiwa harufu ya limau.

Kinachowanasa watu ni onyesho lake. Anatandaza kipande cheupe, anachora mstari wa bluu, anadondosha matone mawili, mstari unayeyuka palepale. Lakini kalamu ya bluu ya aina hiyo huondoka hata kwa maji matupu ya bomba. Mwombe adondoshe maji upande wa pili wa mstari uleule, uone kama kuna tofauti. Halafu mwambie apige pasi juu ya mstari kwanza, ndipo aufute. Hapo ndipo anapoanza kukunja mfuko. Mstari wa dakika moja juu ya kitambaa kimoja si sawa na mstari uliokaa wiki tatu juu ya tabaka tatu za tandiko (viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini), umeshonewa juu yake na umepitiwa na pasi kila siku.

Kuitambua javeli si kazi. Chukua kipande cha kitenge cha bluu nzito au cheusi, dondosha tone moja, subiri dakika kumi. Doa likipauka na kuwa rangi ya chungwa au nyeupe, umepata jibu. Na hasara haiishii kwenye rangi. Javeli hula nyuzi za pamba, na katika tandiko lililokwisha kushonwa haisuuziki vizuri, kwa sababu pamba ya ndani inaishika. Tandiko linaonekana safi siku ya kulikabidhi, kisha baada ya kufuliwa mara chache kitambaa kinaanza kukatika sambamba na mshono, palepale mstari ulipokuwa. Mteja atakuja kwako, si kwa mwenye chupa.

Sasa zile kalamu tatu. Ya bluu ndiyo ya maji, na haina ubaya ukijua adui yake ni joto. Ukipitisha pasi kabla ya kuiosha, wino unashikamana na nyuzi na kugeuka kahawia au manjano. Sabuni ya unga yenye soda nayo inaweza kuufunga humo. Kwa hiyo kwanza ni maji baridi peke yake, bila sabuni. Na usinyunyize tu juu ya mstari, kwa maana wino utashuka kwenye pamba ya ndani, na tandiko likianza kukauka maji yanapanda tena juu pamoja na wino. Ndiyo maana watu wanasema mstari “umefufuka”. Zamisha tandiko lote katika beseni kubwa kwa nusu saa, mwaga, jaza tena, mpaka maji yatoke meupe. Kazi hii inakula maji mengi, basi ipange siku ambayo REGIDESO, shirika la maji, inatoa maji. Kabla ya kuzamisha, bonyeza kitambaa cheupe chenye maji juu ya viraka vyekundu na vya bluu. Vikiacha rangi, usiliache tandiko limelala ndani ya maji: suuza haraka kwa maji mengi, na usilikunje likiwa bichi.

Kalamu ya pili wanaiita “ya pasi”, na ndiyo yenye udanganyifu mkubwa. Ni wino uleule wa kalamu za kuandikia karatasi kama Pilot FriXion, au mwigo wake. Ukifika joto la nyuzi 60 hivi unapoteza rangi, lakini haujatoka, umebaki ndani ya kitambaa hauonekani. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, rangi inaanza kurudi. Hapa kwetu hata usiku wa Julai haufiki huko. Ila matandiko mengi yanatumwa kwa ndugu walio nje, na Montreal, Kanada, mwezi wa kwanza baridi hiyo ni ya kawaida. Jaribu hivi: chora kwenye kipande, piga pasi, funga ndani ya sashe, mwombe muuza samaki wa baridi akuwekee usiku mmoja ndani ya friza yake. Asubuhi utakuta mistari yote imesimama wima. Tena kwenye kitambaa cheusi huacha alama nyeupe hata bila baridi. Kwa kazi ya kuuza, tuiache.

Ya tatu, ya zambarau, huyeyuka yenyewe kwa siku moja mpaka tatu. Ioshe kwa maji baridi hata kama huioni tena.

Kama mstari ni wa penseli, hauhitaji dawa ya mtu yeyote. Changanya alkoli ya famasi vipimo vitatu, maji kipimo kimoja, na matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, maana alkoli inaweza kuyeyusha rangi ya baadhi ya vitenge. Sugua taratibu kwa mswaki laini wa zamani, kufuata mstari, kisha suuza. Chaki ya nta isuguliwe kwa brashi kabla ya pasi. Ikipigwa pasi inaacha doa la mafuta.

Mstari wa bluu ukishapigwa pasi ukawa kahawia, mara nyingi hautoki wote. Kuloweka mara kadhaa kunaupunguza, na kinachobaki kifunikwe kwa mshono mwingine au kiraka cha juu. Yeyote anayekuahidi zaidi ya hapo anataka dola zako.

Na kama chupa hiyo umeshaimimina juu ya tandiko, suuza sasa hivi kwa maji baridi mengi, mara nne au tano, ukikamua kwa kubonyeza bila kusokota. Usimimine vinegre ukidhani itaikata nguvu, wala dawa ya kusafishia yenye amonia. Javeli ikikutana na hivyo inatoa gesi inayochoma kifua, na katika chumba kidogo ni hatari kweli kwa watoto. Fanyia kazi hiyo nje, uani.