Boksi la kopi za sarafu za kale: sarafu chukua, kijitabu weka pembeni

Nimekaa na hii seti muda wa kutosha, sasa naweza kuiongelea bila ushabiki. Ni boksi lenye kopi 12 za sarafu za kale, ya kwanza ni bundi wa Athens ya Ugiriki na ya mwisho ni dinari ya khalifa Abdul-Malik bin Marwan, zinakaa kwenye trei yenye vishimo, kuna lenzi ya kukuzia na kijitabu cha kuelezea sarafu moja moja. Muuzaji simtaji, seti za hivi zimejaa onlaini na nyingi zinafanana kwa hiyo nitakayosema yatakufaa hata ukinunua kwingine. Kwa haraka haraka ni nyota 3 kati ya 5, na zote tatu nazipa sarafu, kijitabu hakijachangia hata robo.

Tatizo la kijitabu ni moja ila kubwa: kinaamini kila kitu kilichoandikwa kwenye sarafu. Sarafu ikisema amani, nacho kinakwambia enzi hizo zilikuwa za amani. Jamani. Zama zile hakuna redio hakuna gazeti, kitu pekee chenye sura ya mtawala kilichokuwa kinafika mpaka mkononi mwa mvuvi na mke wa mkulima ni pesa, na aliyeamua uso gani ukae mbele na mungu gani akae nyuma ni mtawala huyohuyo au watu wake. Lile ni tangazo. Ukiisoma sarafu hivo ndo inaanza kuongea, unajiuliza huyu bwana alikuwa anahofia nini mpaka akaona aandike hivi.

Chukua ile ya Gallienus, aliyetawala Roma kuanzia 253 mpaka 268. Nyuma imeandikwa FIDES MILITVM, yaani uaminifu wa wanajeshi, na kijitabu kinatamba eti inaonyesha jeshi lilivyompenda. Lilimpenda wapi! Kipindi hicho majeshi yalikuwa yanamtangaza kaisari mpya kila yakijisikia, Gaul (Ufaransa ya leo na jirani zake) imejitenga ina mtawala wake, mashariki inaangaliwa na Palmyra, mji wa Shamu, na Gallienus mwenyewe aliishia kuuawa na maafisa wake walewale karibu na Milan. Askari wangekuwa wametulia asingepata shida ya kuandika hivo kwenye pesa za kuwalipa. Halafu cheki kichekesho, kopi yao inang'aa kama sufuria jipya wakati sarafu halisi za mwishoni mwa utawala wake zilikuwa na madini ya fedha chini ya asilimia 5, shaba iliyopakwa weupe juu juu ili isionekane aibu. Yaani uongo wa Gallienus umeendelea kufanya kazi miaka 1700 na ushee baadaye kupitia kiwanda cha kopi, hapo nilicheka peke yangu.

Sehemu inayorudisha hela yako ni zile tatu za Warumi wa mwanzo, hapa usiharakishe. Kuna dinari ya Julius Caesar ya mwaka 44 KK. Kabla ya hapo kwenye sarafu za mji wa Roma zilikuwa zinawekwa sura za miungu, mababu, marehemu, mtu aliye hai hapana, huo ulikuwa mtindo wa wafalme na Warumi walijisifu kwamba wafalme walishawafukuza. Caesar akaweka uso wake. Pembeni maandishi DICT PERPETVO, dikteta wa kudumu. Ukigeuza unamkuta Venus, na hayupo pale kwa urembo, ukoo wa Caesar ulidai umetokana na huyo mungu wa kike kupitia kwa Aeneas, shujaa wa hadithi za Troy, kwa hiyo kipande kisichofika gramu 4 kinakwambia mambo mawili kwa mpigo, kwamba jamaa hatoki madarakani na kwamba damu yake si ya kawaida. Zilitoka miezi ya mwanzoni ya mwaka ule. Tarehe 15 Machi wakamchoma visu.

Ya pili ni ya Brutus, mmoja wa waliomchoma, ilifuliwa mwaka 42 KK kwa ajili ya jeshi lake. Nyuma majambia mawili, katikati kofia ya wale watumwa walioachwa huru, chini EID MAR, katikati ya mwezi Machi. Hajaficha kitu, anajisifia mauaji kwenye pesa, tumewakomboa ndugu zangu. Sasa geuza mbele. Uso wa Brutus mwenyewe! Mtu aliyeua kwa sababu mwenzake anajifanya mfalme anaweka kichwa chake mahali palepale alipoweka yule marehemu, na alikuwa anahitaji askari wamtambue anayewalipa ni nani kwa hiyo kanuni za jamhuri zikasubiri kidogo. Mi naona hii ndiyo sarafu yenye unafiki mtamu kuliko zote kwenye historia, na kijitabu kimeliruka hilo kabisa, ukurasa mzima kinaongelea ile ya dhahabu iliyopigwa mnada 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Hata hapo habari hawajamalizia, maana mwaka 2023 ilirudishwa Ugiriki baada ya kubainika iliporwa.

Ya tatu ni dinari ya kaisari Tiberius, hii wasomaji wa Injili wataifurahia. Anajiita mwana wa Augustus aliye mungu, na nyuma PONTIF MAXIM, kuhani mkuu. Wengi wanaamini aina hii ndiyo aliyoonyeshwa Yesu walipomtega na swali la kodi, ingawa wapo wataalamu wanaobisha. Ukiishika ndo unaelewa ule mtego ulikuwa mkali kiasi gani, Myahudi anachomoa pesa yenye sanamu, na sanamu yenyewe inajitangaza kuwa mwana wa mungu, halafu anaulizwa ailipe au asiilipe. Nimeshasikia mahubiri mengi juu ya huo mstari ila hakuna aliyewahi kusema sarafu iliandikwa nini.

Bundi wa Athens na Alexander Mkuu wa Makedonia wako sawa tu. Kwa bundi kijitabu kimesema kitu kimoja cha maana, kwamba Waathens walibaki na dizaini ya kizamani hata pale wachongaji wao walipokuwa na uwezo wa kuchonga vizuri zaidi, wafanyabiashara wa mbali walishamzoea yule ndege, wakimuona wanajua hapo kuna gramu 17 za fedha safi. Alexander yeye aliweka shujaa Herakles na mungu Zeus wa Wagiriki. Waliokuja baada yake ndo walichangamka, Lysimachus aliyekuwa jenerali wake alimweka marehemu mwenyewe mbele, ana pembe za kondoo dume za Amun, mungu wa Misri. Bosi kafa 323 KK, wafuasi wanagombania mali, kila mmoja anataka aonekane ndiye mrithi, kwa hiyo marehemu anapandishwa cheo anakuwa mungu. Ya Wasasani wa Uajemi yenye madhabahu ya moto nimeipenda kwa macho ila chapa ya upande wa madhabahu imefifia, sina mengi.

Ile ya kaisari Vespasian imechongwa vizuri kuliko zote, mtende katikati, mwanamke kakaa chini analia, maandishi IVDAEA CAPTA, Yudea imetekwa, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70. Kinachoniudhi wamekosa kumwekea mwenzake. Wayahudi walipoasi tena mwaka 132 chini ya kiongozi wao Bar Kokhba walichukua pesa hizohizo za Kirumi wakazipiga chapa yao juu, pale palipokuwa na kichwa cha mtawala wakaweka hekalu, hekalu ambalo lilishabomolewa zaidi ya miaka 60 nyuma, na maandishi ya kudai uhuru wa Yerusalemu. Kuna ambazo mpaka leo ukichungulia vizuri unaona mabaki ya uso wa mtawala chini ya chapa mpya. Hebu fikiria hiyo ingekuwa kwenye boksi karibu na yule mama anayelia. Walikuwa na nafasi, wakaipoteza.

Kaisari Constantine sasa. Hapa kijitabu kimenichosha. Kinasema mwaka 312 aliona ishara kabla ya vita vya daraja la Milvian, akawa Mkristo, himaya ikabadilika, mwisho wa hadithi. Wakati sarafu waliyoiweka wao wenyewe ndani ya boksi ina mungu Jua kasimama na taji la miale, imeandikwa SOLI INVICTO COMITI, kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa Kaisari! Na sarafu zenye huyo Jua ziliendelea kufuliwa kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hiyo vita. Alama ya Kristo inaanza kujipenyeza kidogo kidogo, kwenye medali moja ya fedha ya mwaka 315 ipo kwenye helmeti, ndogo, usipoangalia huioni, na 327 inatoka sarafu ya Constantinople ambapo bendera yenye hiyo alama inamchoma nyoka. Mi naona alikuwa anapima upepo tu, jeshi lina watu wengi wa jua, maseneta wana miungu yao ya siku zote, ukiwageuzia meza ghafla unaweza usiamke kesho. Na hata alipokufa mwaka 337 sarafu za kumuenzi zinamuonyesha kwenye gari la farasi anapanda juu, mkono unatoka mbinguni kumpokea, Mkristo akiona hapo anamkumbuka Eliya, mpagani anaona kaisari mwingine kawa mungu kama kawaida, kila mtu anaondoka ameridhika. Hiyo ndiyo ilitakiwa iandikwe kwenye kijitabu.

Mbili za mwisho ndo zimenifanya nisirudishe boksi. Justinian II, kaisari wa Roma ya Mashariki aliyekaa Constantinople, miaka ya 690, aliweka uso wa Yesu mbele kwenye sarafu ya dhahabu, yeye mwenyewe akahamia nyuma na kujiita mtumishi wa Kristo. Ng'ambo ya mpaka kuna Abdul-Malik. Mwanzoni kule Shamu walikuwa wanafua dhahabu inayofanana na ya Constantinople, ila msalaba wameukata mikono umebaki nguzo tu juu ya ngazi. Wakajaribu pia kumweka khalifa amesimama na upanga. Halafu mwaka wa 77 Hijria, ambao ni 696 kuingia 697, wakafagia kila kitu, hakuna picha, hakuna uso, hata jina la khalifa halipo, maandishi matupu. Shahada, na maneno ya Suratul Ikhlas, Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa. Shika ile ya Justinian mkono wa kulia na hii mkono wa kushoto, utaona wale watu walikuwa wanajibizana kupitia pesa, na pesa zenyewe zinapita sokoni kwenye mikono ya watu wa dini zote mbili. Mtawala anaondoa mpaka jina lake na bado ni siasa nzito kuliko ya Caesar, maana sasa anayeongea pale si yeye tena, nani atabisha?

Kwa bahati mbaya kopi ya hiyo dinari ndiyo mbovu kuliko zote. Sarafu nzima ni herufi, halafu herufi zimevimba na kushikana, nusu ya mstari wa pembeni hausomeki hata kwa lenzi, na lenzi yenyewe ni kiplastiki kinachochubuka. Ubora kwa ujumla uko katikati. Zimemiminwa kwenye kalibu kwa hiyo ukipitisha kucha ukingoni unasikia mstari wa maungio, zote zina unene uleule, zote duara safi, wakati za kweli zilikuwa zinapigwa kwa nyundo moja moja, chapa inakaa upande, herufi zingine zinaangukia nje. Uzito ndo kabisa, bundi ni mwepesi mno ukilinganisha na alivyotakiwa kuwa. Kama unataka kuwafundishia watoto hilo halina shida, kama unataka kujua ilivyokuwa kushika pesa ya kale halitakuridhisha.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaoda popote, muulize muuzaji kama kila sarafu imegongwa neno COPY. Marekani sheria ya tangu 1973 inalazimisha hivo. Kwenye seti yangu zile kubwa zinayo, ndogo hazina, na ndogo ndizo zinazopendwa na matapeli, ukiisugua kidogo ikapoteza mng'ao kuna mtu ataiuza kama imechimbwa jana. Usizigawe ovyo.

Na Aksum, ule ufalme wa kale wa Ethiopia, wameiacha wapi? Unatengeneza boksi la siasa na dini halafu unamruka Ezana, mfalme wa karne ya 4 ambaye sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa na za baadaye pale pale juu pana msalaba, mtu mmoja, uso mmoja, dini mbili, huhitaji hata kijitabu. Kuna na za shaba za Aksum za miaka ya baadaye kidogo zilizoandikwa kwa Kigiriki maneno ya kuombea jambo hili liwapendeze watu wa nchi, hebu niambie ni kaisari gani aliwahi kujisumbua na hilo. Ningewaongezea na Kanishka, mfalme wa Wakushani waliotawala Asia ya Kati mpaka kaskazini mwa India, karne ya 2, aliyeweka Buddha, miungu ya Uajemi na ya India kwenye sarafu zake bila kugombana na yeyote. Toleo lijalo wamtoe bundi, kila seti inaye, watuwekee Ezana mbili, ya mwezi na ya msalaba, na ile dinari ya Abdul-Malik waichonge upya.