Kliniki ya methadoni: dawa bure, nauli juu yako

Miezi saba sasa namsindikiza mdogo wangu dirishani kunywa methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga (heroini). Huduma hii ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Hii ya kwetu imekuja baadaye. Anaitwa, anakunywa kikombe chake mbele ya mfamasia, anasemeshwa kidogo waone kama kameza, basi. Hakuna malipo. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, imekwisha, na juzi kagombea ukoko na watoto wangu! Wahudumu wanamwita kwa jina, si "teja".

Ila dawa ni kila siku, Jumapili na Idi zimo, na kwetu ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Halafu usiku? Baba bado hamtaki nyumbani, kwa hiyo analala kibarazani stendi, karibu na wauza unga walewale. Kitanda kliniki haina. Nyota nne.